Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani. Mwaka 1882 alitangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Wanafunzi humjua kwa kanuni zinazobeba jina lake, zinazodai uthibitisho mkali kabla kijidudu hakijaitwa chanzo cha ugonjwa. Kwa upande wa tiba hakuwa mkali kiasi hicho. Mwaka 1890 aliitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini haikuwaponya.

Mwaka 1906 alifika Ziwa Viktoria kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa umeua watu wengi mno Busoga na Buganda. Aliweka kambi katika visiwa vya Sese nchini Uganda, ng'ambo ya maji kaskazini mwa Rubafu. Huko aliwadunga wagonjwa zaidi ya elfu moja atoksili, dawa yenye arseniki. Vimelea vilitoweka upesi mwilini, naye akaisifu mapema, akiifananisha na kwinini kwa malaria. Ugonjwa uliporudi aliongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka moja kwa moja, na wengine wakatoroka kambini.

Hata hivyo, mwaka 1907 kambi za malale zilifunguliwa upande wa Wajerumani, mojawapo Kigarama katika Kiziba, na atoksili ikatumika humo pia. Wagonjwa wengi wa Kiziba walikuwa wameambukizwa Uganda.

Siku hizi mapendekezo ya tiba hupangwa kwa mifumo kama GRADE, unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Ushahidi huwekwa katika madaraja manne, kuanzia hafifu sana hadi wa juu, kisha pendekezo huitwa lenye nguvu au la masharti. Majaribio ya Sese, yasiyo na kundi la kulinganisha wala ufuatiliaji wa muda mrefu, yangewekwa chini kabisa. Ni haki kuongeza kwamba bila tiba karibu kila mgonjwa alikufa, na GRADE yenyewe huruhusu pendekezo lenye nguvu juu ya ushahidi hafifu maisha yanapokuwa hatarini, mradi madhara, kama upofu huo, nayo yapimwe.

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907. Msaidizi wake Friedrich Karl Kleine aliendelea na utafiti, akathibitisha kwamba vimelea vya malale hukua kwanza ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza.