Kijana aliyejaza benchi nne: maisha ya Dwight L. Moody

Katika parokia zetu nyingi kazi ya kupokea watu mlangoni ni ya watu wazima wa protokole. Watoto wa ekodimu na vijana tunawahesabu kuwa watu wa kupokelewa tu. Kwa sababu hiyo tunakumbuka maisha ya Dwight L. Moody, mhubiri wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1837 huko Northfield, Massachusetts. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 4, mama akabaki mjane mwenye watoto wengi. Masomo yake yalikatika mapema. Alipofika miaka 17 alikwenda Boston kuuza viatu dukani mwa mjomba wake, na mjomba akamwekea sharti la kwenda kanisani. Mwalimu wake wa shule ya Jumapili, Edward Kimball, hakumngojea darasani. Mwezi wa 4, 1855, alimfuata kule dukani, akamweleza upendo wa Kristo, na kijana akaamini. Lakini alipoomba kuwa mshiriki wa kanisa, wazee walimuuliza maswali akashindwa kujibu vizuri. Alingoja hadi 1856 ndipo akapokelewa.

Mwaka huo huo alihamia Chicago. Wakati ule, katika makanisa mengi, watu walilipia benchi walizokalia. Moody alilipia benchi nne, halafu akatoka barabarani na katika nyumba za wapangaji kutafuta vijana wengine wa kuzijaza. Kusema mbele ya watu kulimshinda bado. Kualika mtu na kumkalisha alikuweza.

Akaomba pia kufundisha katika shule moja ndogo ya Jumapili. Aliambiwa walimu wanatosha, labda alete wanafunzi wake mwenyewe. Jumapili iliyofuata akafika na watoto 18 wa mitaani, wengine bila viatu. Baadaye alianzisha shule yake katika jengo la soko, North Market Hall, na mwezi wa 11, 1860, Abraham Lincoln, aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa kuwa rais, aliitembelea. Mwaka 1864 kazi hiyo ilizaa kanisa kamili. Moody alihubiri Marekani na Uingereza mbele ya maelfu, akafariki tarehe 22 Desemba 1899.

Tuone jambo hili: yule aliyeshindwa maswali ya wazee ndiye aliyewaleta wengine. Hakungoja kukomaa ndipo atumike. Alikomaa akiwa anatumika.

Kwetu mashariki ya Congo, familia zilizokimbia vita zinafika makanisani mwetu, na mtoto mgeni anasimama mlangoni akiogopa. Mtu mzima wa protokole atamwonyesha kiti. Mtoto mwenzake atamshika mkono, atamuuliza jina, atakaa naye. Basi Jumapili ijayo tuweke vijana wawili na watoto wa ekodimu pamoja na protokole, watu wazima wakiwa karibu kuwalinda na kuwaongoza. Tusiwaambie wangoje wakue kwanza.

Bwana awabariki.