Mwalimu wa Nyahera na kifo kisicho na jibu

Nikiwa TP Bunda mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa PCB aliniuliza wale wanaochunguza maiti wanasomea wapi. Mimi nafundisha Historia, kwa hiyo nusura nichemke. Nikamsimulia habari za Robert Ouko, ambazo nimezisikia Musoma tangu utotoni kwa wazee wa Kijaluo. Si ajabu, maana Musoma na Kisumu zinakunywa maji ya ziwa moja.

Ouko alizaliwa tarehe 31 Machi 1931 Nyahera, karibu na Kisumu. Alianza kama sisi tu: alisomea ualimu chuo cha Siriba, akafundisha shule ya msingi. Chaki haikumtosha. Mwaka 1958 akaenda chuo kikuu Addis Ababa, baadaye Makerere. Kenya ilipopata uhuru akapanda haraka serikalini, akawa waziri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ilipovunjika 1977, kisha Waziri wa Mambo ya Nje mara mbili.

Februari 1990 alitoka Marekani kwenye msafara wa Rais Moi, akaenda shambani kwake Koru. Usiku wa kuamkia tarehe 13 akatoweka. Mwili ulitangazwa kupatikana tarehe 16 kwenye kilima cha Got Alila, kilomita chache tu kutoka nyumbani, ingawa kijana mmoja mchunga ng'ombe alieleza baadaye kwamba aliuona tangu tarehe 13. Fikiria hizo siku tatu! Ulikuwa umeungua, na una jeraha la risasi kichwani. Karibu yake kulikuwa na bastola, dumu na kibiriti.

Maelezo ya mwanzo yalidokeza kuwa amejiua. Watu wakakataa, maandamano yakawaka Nairobi na Kisumu, wanachuo wakiwemo. Moi akaita Scotland Yard. Akaja mpelelezi John Troon, na daktari Iain West wa Guy's Hospital, London, akapima maiti. Wao wakasema ameuawa. Mbele ya tume ya Jaji Evans Gicheru, mwanapatholojia wa serikali ya Kenya akashikilia kuwa amejiua. Maiti moja, majibu mawili. Novemba 1991 Moi akaivunja tume kabla haijamaliza kazi, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Hapo mwanafunzi wangu akakaa vizuri. Nikamweleza nilichosoma: aliyeungua akiwa bado anapumua hukutwa na masizi kwenye njia ya hewa, bastola iliyofyatuliwa karibu huacha baruti na alama ya moto kwenye ngozi. Ila eneo likishakanyagwa na kila mpita njia, hata bingwa anapapasa.

Njia yenyewe kwetu ni ndefu, kusema kweli. PCB, miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, ndipo uzamili wa patholojia, Muhimbili kwa mfano. Asiyetaka udaktari anaweza kupitia kemia: sampuli za sumu na vinasaba hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana maabara ya kanda pale Mwanza.

Akahesabu miaka kwa vidole, vikamwishia. Halafu akauliza kama huko nako kuna BAM.