Clara Rockmore: Mresh Aliyepiga Muziki Bila Kugusa Kitu

Manze, ungefanya nini mkono ukikunyang'anya talanta yako? Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius, 1911, alianza kusomea fidla St. Petersburg akiwa mtoi wa miaka 4 hivi. Lakini njaa ya utotoni ilimharibu mifupa, fidla ikaisha.

Huko New York akapatana na Leon Theremin, Mrusi aliyeunda theremin. Hiyo huigusi: mkono mmoja hewani unapandisha na kushusha noti, ule mwingine unacheza na volyumu. Ukitingisika kidogo tu, umeharibu.

Oktoba 1934 akasimama Town Hall, akapiga shoo yake ya kwanza. Wengi waliiona theremin ka mchezo wa mashine. Clara akaifanya ala ya ukweli. Aliaga 1998, akiwa na miaka 87. Mlango ukifungwa, msee, cheki dirisha.