Menno Simons: Padri Aliyejua Kweli Miaka 11 Kabla ya Kuitii

Somo: Luka 14:25-33, 1 Wakorintho 3:11

Siku ya ubatizo hapa kwetu ni siku ya furaha. Mtu anatoka majini, tunapiga makofi, kwaya inaimba, halafu tunaenda kunywa chai. Hakuna polisi anayekungoja nje. Wiki hii nataka tumwangalie mtumishi aliyeishi wakati ambapo ubatizo kama huo ulikuwa kosa la kunyongwa, kuchomwa au kukatwa kichwa. Mwaka 1529 ilitangazwa sheria katika milki ya Kaisari Charles wa Tano kwamba mtu aliyebatizwa akiwa mtoto, akibatizwa tena akiwa mtu mzima, auawe. Kwa nini wakali hivyo? Wakati huo kanisa na serikali vilikuwa kitu kimoja. Ukizaliwa, unabatizwa, unahesabiwa raia na Mkristo kwa pamoja. Aliyesema imani ni uamuzi wa mtu mwenyewe alionekana anavunja nchi.

Kazi nzuri, Biblia imefungwa

Menno Simons alizaliwa mwaka 1496 katika kijiji cha Witmarsum, jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Ni nchi tambarare, ya wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1524 akawekwa kuwa padri, akapelekwa Pingjum, kijiji jirani kabisa. Alikuwa na chakula, nyumba na heshima. Yeye mwenyewe baadaye aliandika bila kuficha kwamba siku zake na mapadri wenzake zilipita kwa kucheza karata na kunywa, na kwamba Biblia alikuwa hajawahi kuisoma. Aliogopa ingempotosha.

Mwaka uliofuata, akiwa anaendesha misa, shaka ikamwingia kuhusu mkate na divai: je, kweli vinageuka kuwa mwili na damu? Alidhani ni shetani anamsumbua. Akaungama, akaomba, shaka haikutoka. Mwishowe akafungua Agano Jipya. Hapo ndipo safari yake ilianzia, mwaka 1525. Lakini mpendwa, aliendelea kuwa padri. Watu wakaanza kumsifu kwamba anahubiri Injili, na sifa ile akaipenda.

Mshonaji wa Leeuwarden

Machi 1531, mjini Leeuwarden, mshonaji mmoja aitwaye Sicke Freerks alikatwa kichwa kwa sababu alibatizwa mara ya pili. Menno alishangaa. Hakuwa amewahi kusikia kuna ubatizo mwingine. Akaanza kutafuta ndani ya Maandiko mahali ambapo watoto wachanga wanaamriwa kubatizwa, asipaone. Akasoma vitabu vya Luther, Bucer na Bullinger, akakuta kila mmoja anatoa sababu tofauti na mwenzake. Akajua jibu.

Na alifanya nini? Mwaka huohuo alihamia Witmarsum, parokia ya nyumbani, mahali pazuri zaidi. Alikiri baadaye kwamba alienda kwa kutaka mapato na jina kubwa. Nimesomea biashara, na naielewa hesabu yake. Mshahara unaujua, lakini hujui utakula nini ukiondoka. Kwa hiyo unasema: nitafanya mema nikiwa humuhumu ndani. Ni hesabu inayoonekana safi kabisa kwenye karatasi.

Manabii wa Münster

Wakati Menno anangoja, watu wake hawakungoja. Njaa ya Neno ilikuwa kubwa, na wachungaji wa kweli walikuwa wachache na wanawindwa. Manabii wakajaza nafasi. Mwaka 1534 kundi moja liliteka mji wa Münster, Ujerumani, likasema ndio Yerusalemu mpya. Nabii wao, mwokaji mikate Jan Matthijs, alitabiri mwisho utakuja Pasaka ya mwaka ule. Pasaka ikafika, akatoka nje kupigana na jeshi lililouzingira mji, akauawa. Badala ya watu kuamka, akainuka Jan van Leiden, akajifanya mfalme, akaoa wake wengi, huku raia wakifa njaa. Juni 1535 mji ukaanguka, na damu ikamwagika vibaya.

Sisi Wakenya tuliopitia habari za Shakahola hatuna haja ya kuuliza inawezekanaje. Tunajua.

Moto ule ulifika hadi mlangoni kwa Menno. Mwishoni mwa Machi 1535, watu wapatao 300 wenye mawazo hayo waliteka nyumba ya watawa iitwayo Oldeklooster, karibu na Bolsward, si mbali na Witmarsum. Baada ya siku chache askari waliivunja. Wengi waliuawa, wanaume kwa wanawake.

Hapa ndipo Menno alivunjika. Alikuwa amewapinga manabii wale, kwa kuhubiri na kwa kuandika. Lakini aliona jambo moja ambalo hakuweza kulikwepa. Watu wale, ingawa walipotea, walitoa maisha yao kwa ajili ya kile walichoamini. Yeye aliyejua kweli alikuwa bado anakula mshahara wa kitu asichokiamini. Angewaambiaje watu waache uongo, na yeye hajauacha wake? Akahubiri wazi wazi miezi kama tisa, kisha Januari 1536 akaacha kila kitu, akaondoka usiku wa maisha yake ya zamani bila kujua atalala wapi.

Gharama

Karibu mwaka mmoja baadaye, watu wachache walimjia, watu wa amani waliochukia upanga wa Münster, wakamsihi awe mchungaji wao. Kundi lilikuwa limetawanyika na kuogopa. Alisitasita, kisha akakubali. Obbe Philips ndiye aliyemwekea mikono. Tangu hapo hakuwa na makao. Alioa mke aitwaye Geertruydt, wakapata watoto, na familia hiyo yote ikaishi kwa kuhamahama na kujificha.

Waliompokea nao walilipa. Mwaka 1539 mkulima mmoja, Tjard Reynders, aliuawa kwa sababu alimpa Menno mahali pa kulala. Mwaka 1542 Kaisari alitangaza zawadi ya gilda 100 kwa atakayemkamata. Hata Obbe Philips, aliyemwekea mikono, alikata tamaa akaliacha kundi. Menno akabaki. Alihubiri usiku, akaandika vitabu, na mbele ya kila kimoja akaweka andiko lilelile: 1 Wakorintho 3:11. Münster walijenga juu ya nabii. Yeye alitaka msingi usiokufa siku ya Pasaka.

Hakuwa malaika. Uzeeni aliingia katika mabishano makali kuhusu kumtenga aliyekosa, hata mume na mke kutengana, na akawafuata viongozi wakali. Kanisa likagawanyika. Hili nalo tulisome.

Miaka yake ya mwisho alikuwa kilema, anatembea na gongo. Bwana mmoja mwenye mashamba karibu na Oldesloe, kaskazini mwa Ujerumani, aliwapa wakimbizi hawa hifadhi katika kijiji cha Wüstenfelde. Mkewe alitangulia kufa. Menno alifariki tarehe 31 Januari 1561, miaka 25 tangu alipoacha upadri, akazikwa kwenye bustani yake mwenyewe.

Kilichobaki

Vijiji vile havikumsahau. Pingjum lipo hadi leo kanisa dogo la maficho. Ukipita njiani unadhani ni nyumba ya mtu. Witmarsum, mahali palipokuwa na kanisa la zamani, pana nguzo ya ukumbusho iliyosimamishwa mwaka 1879. Mwaka 1934 wamisheni wa Kimenno kutoka Marekani walifika Shirati, Tanzania, karibu na mpaka wetu, na kutoka huko kazi ikavuka hadi Kenya. Leo Wamenno na ndugu zao duniani ni zaidi ya milioni 2, na wengi wako Afrika kuliko bara lingine lolote.

Mpendwa, tunamheshimu Menno kwa miaka yake 25 ya mateso. Mimi naomba uitazame pia ile 11 ya kwanza. Hakukosa mafundisho. Alikosa kutii, na wakati anahesabu, kondoo waliliwa. Jambo ambalo Roho Mtakatifu amekuonyesha kuhusu kazi yako, ndoa yako, au pesa unayojua si halali: umeanza kulihesabu mwaka gani? Kuna mtu nyumbani mwako anayengoja uliseme, na asipolisikia kwako, kuna nabii mwingine barabarani atamwambia lake.

Tuombe: Bwana Yesu, ulichotuonyesha, utupe nguvu ya kukitii wiki hii. Amina.