Salum Abdallah na safari ya Kuba

Marehemu Salum Abdallah Yazidu hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Lakini Mombasa ina fungu lake katika habari zake, na fungu hilo aghalabu husahauliwa.

Katika ujana wake santuri za Kuba, zile zenye herufi GV, zilikuwa zimeenea Afrika nzima. Vijana waliziiga bila ya kujua hata neno moja la Kihispania. Wengi waliridhika na kusikiliza. Salum hakuridhika. Mwaka 1946 alitoroka kwao akashika njia ya Mombasa, nia yake apande meli aende Kuba kwa wenyewe. Hakufika. Safari iliishia hapo hapo Mombasa, akarudi Morogoro.

Mwengine angaliona haya akanyamaza. Yeye mwaka 1948 aliunda kikundi, akakiita La Paloma, na mwaka 1952 ikatoka Cuban Marimba. Kuba aliyoikosa akaijenga chini ya milima ya Uluguru: mwendo wa rumba na chacha, maneno ya Kiswahili. Kwa rai yangu hapo ndipo penye ufundi wake. Mapigo ya kigeni huigwa na yeyote mwenye sikio. Lakini kuyavisha Kiswahili kikakaa sawa, neno lisivutwe hata likapoteza sura, hiyo si kazi nyepesi. Sisi tunaohesabu mizani twaijua.

Mji wenyewe haukuwa mkubwa, na tayari ulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Bendi mbili zikagombania watu wale wale, na ushindani huo ukazinoa zote mbili. Msikilizaji wa wimbo wake uitwao Ngoma Iko Huku hahitaji kufasiriwa majigambo yaliyomo katika jina.

Na santuri zake zilitolewa na nani? Na Assanand wa Mombasa, kwa chapa ya Mzuri. Mji ule ule uliomkatizia safari ndio uliochukua sauti yake ukaitawanya Afrika Mashariki.

Ajali ya gari ilimchukua mwaka 1965, naye hajafika miaka 40. Juma Kilaza aliishika bendi, ikaendelea kupiga miaka mingi baadaye. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata jina katika Morogoro Jazz, naye alikufa kwa ajali ya gari, Januari 1979, mjini Mombasa.