Seretse Khama

Seretse Khama (1 Julai 1921 – 13 Julai 1980) alikuwa mwanasiasa na rais wa kwanza wa Botswana, kuanzia mwaka 1966 hadi kifo chake.

Ukoo na utoto

Alizaliwa Serowe, mji mkuu wa Wangwato, katika eneo lindwa la Kiingereza la Bechuanaland. Babu yake, Khama III, alikuwa mmoja wa machifu watatu waliosafiri hadi Uingereza mwaka 1895 kupinga nchi zao zisikabidhiwe kwa kampuni ya Cecil Rhodes. Khama III aligombana kwa miaka mingi na mwanawe Sekgoma II, wakaja kupatana. Mjukuu aliyezaliwa baada ya upatanisho huo aliitwa Seretse, yaani udongo unaounganisha.

Sekgoma II alifariki mwaka 1925, na Seretse akarithi cheo cha chifu (kgosi) akiwa na umri wa miaka 4. Baba yake mdogo, Tshekedi Khama, alitawala kwa niaba yake na kumlea.

Elimu na ndoa

Seretse alisoma Afrika Kusini, akapata shahada katika chuo cha Fort Hare mwaka 1944. Baadaye alikwenda Uingereza kusomea sheria. Mwaka 1947 alikutana London na Ruth Williams, Mwingereza mweupe aliyekuwa karani, wakafunga ndoa Septemba 1948.

Tshekedi aliipinga ndoa hiyo kwa sababu mke wa chifu alipaswa kukubaliwa na ukoo na watu wake. Suala lilijadiliwa katika kgotla, yaani baraza la hadhara, na mwezi Juni 1949 Wangwato walio wengi walimkubali Seretse pamoja na mke wake. Tshekedi alihama na wafuasi wake.

Uhamisho

Serikali ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikijenga mfumo wa apartheid, haikutaka kuona chifu mwenye mke mweupe ng'ambo ya mpaka wake. Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini. Mwaka 1950 Seretse aliitwa London kwa mazungumzo, kisha akakatazwa kurudi kwao. Mwaka 1952 marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya kudumu. Wangwato walikataa kuchagua chifu mwingine.

Seretse na Tshekedi walipatana. Mwaka 1956 Seretse aliruhusiwa kurudi kama raia wa kawaida, baada ya kuacha haki ya uchifu kwa ajili yake na watoto wake.

Siasa na urais

Mwaka 1962 alianzisha chama cha Botswana Democratic Party pamoja na Quett Masire na wengine. Chama hicho kilishinda viti 28 kati ya 31 katika uchaguzi wa mwaka 1965, naye akawa waziri mkuu. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 alikuwa rais.

Botswana ilikuwa kati ya nchi maskini kabisa duniani. Sheria ya mwaka 1967 iliweka madini mikononi mwa taifa badala ya makabila. Almasi za Orapa zilipatikana katika eneo la Wangwato wenyewe, lakini mapato yake yaliingia katika hazina ya nchi nzima na kulipia barabara, shule na hospitali.

Pamoja na Julius Nyerere wa Tanzania na Kenneth Kaunda wa Zambia, alikuwa kati ya viongozi wa Nchi za Mstari wa Mbele waliounga mkono ukombozi wa Zimbabwe.

Kifo na familia

Alifariki Gaborone kwa kansa ya kongosho akiwa bado madarakani, akazikwa Serowe katika makaburi ya ukoo wake. Masire alishika nafasi yake. Ruth alibaki Botswana hadi alipofariki mwaka 2002.

Walizaa watoto wanne: Jacqueline, Ian, na mapacha Anthony na Tshekedi, huyu wa mwisho akiwa na jina la baba mdogo wa Seretse. Ian alisimikwa kuwa chifu wa Wangwato mwaka 1979, akawa rais wa Botswana miaka 2008–2018.