GEORGE MALLORY NA WATU SABA

Ndugu wanafunzi, theluji ya Ruwenzori tunaiona kwa mbali tu, nyeupe sawa pamba, haitishi mtu. Leo nawaandikia habari za mtu aliyeijua theluji kwa karibu.

George Mallory alizaliwa Uingereza mwaka wa 1886, mtoto wa mchungaji. Alisoma Cambridge, kisha akawa mwalimu wa shule. Mwaka wa 1914 alioa, halafu akaenda vitani, kwenye mizinga. Lakini moyo wake ulikuwa milimani. Mwaka wa 1921 alifika mara ya kwanza Everest, mlima unaopita yote kwa urefu, mita 8849, akipitia upande wa Tibet.

Mwaka wa 1922 akarudi. Mwanzo wa mwezi wa sita tufani ikamwaga theluji nyingi. Ilipotulia hawakungoja sana, sababu majira ya mvua yalikuwa yamewafikia. Tarehe 7 Mallory na wenzake wawili wakapanda mteremko mkali pamoja na wapagazi 14, wote wamefungana kwa kamba. Theluji waliijaribu kule chini, wakaona inashika. Kumbe ile mpya ililala tu juu ya ile ya zamani, haijashikana nayo. Ni sawa mchanga juu ya bati la nyumba: unakaa, unakaa, halafu ukiguswa kidogo wote unashuka mara moja.

Mchana ikasikika sauti kama ya baruti, na theluji ikakatika. Mallory ilimfunika, akajitoa. Lakini wapagazi 9 waliokuwa nyuma walisukumwa mpaka ukingo wa barafu, wakaanguka shimoni. Wenzao wakachimba kwa haraka, wakatoa wawili wazima. Saba walikufa, wote watu wa milima ile. Kati ya Waingereza hakufa hata mmoja.

Mallory hakumsingizia mtu, alijilaumu mwenyewe. Mwaka wa 1924 alirudi tena, na tarehe 8 mwezi wa sita akapotea karibu na kilele pamoja na kijana Andrew Irvine. Maiti yake ilionekana mwaka wa 1999.

Watu wanaulizana kila siku kama alifika juu. Mimi nawaza wale saba, waliofuata nyayo zake na mizigo mgongoni. Sisi makapita wa shule, tukitangulia mbele, tuangalie kwanza nani amefungwa kwa kamba nyuma yetu.